Risasi Katika Petroli

Mvuvi wa pwani akitaka mshipi wake uzame upesi, huufunga chubwi. Chubwi ni kipande cha risasi, na risasi ni madini mazito kuliko chuma, tena ni laini, hata kisu cha kawaida chaweza kuikata. Watu wengi wakilisikia jina hili hufikiri habari za bunduki tu, kwa kuwa vidonge vya bunduki vilitengenezwa kwa madini hayo tangu zamani. Lakini katika somo hili tutasema habari za madini yenyewe. Risasi huyeyuka kwa moto usio mkali sana, haili kutu kama chuma, wala bei yake si kubwa. Kwa sababu hizo watu wameitumia tangu kale kwa mabomba ya maji, kwa rangi za nyumba, kwa kung'arisha vyombo vya udongo, na kwa mambo mengine mengi.

Lakini risasi ni sumu. Hili nalo lajulikana tangu kale. Matabibu wa Kiyunani na wa Kirumi waliona kuwa watu walioyeyusha risasi waligeuka rangi ya uso, wakashikwa na msokoto wa tumbo, wakalegea viungo, na wengine wakafa. Sumu yake haiui kwa haraka kama sumu ya nyoka. Huingia mwilini kidogo kidogo, kwa chakula, kwa maji, au kwa vumbi livutwalo puani, nao mwili huidhania kuwa ni ile chokaa ijengayo mifupa, ukaiweka akiba katika mifupa na meno. Huko hukaa miaka mingi. Sehemu nyingine huzunguka na damu ikaufikia ubongo. Mtoto mdogo ndiye aumiaye zaidi, kwa maana ubongo wake ungali ukijengwa, na tumbo lake hufyonza risasi mara 4 au 5 kuliko tumbo la mtu mzima. Shirika la Afya la Ulimwengu lasema kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini, hata kiwe kidogo namna gani, kijulikanacho kuwa hakina madhara.

Basi mtu atauliza: Ikiwa neno hili lilijulikana tangu zamani za Warumi, ilikuwaje hata sumu hiyo ikatiwa katika petroli na kutawanywa katika barabara za ulimwengu wote kwa muda wa karibu miaka 100? Hiyo ndiyo habari tutakayoisoma. Ni habari ya mashine, ya fedha, na ya watu wachache waliopima kwa uangalifu jambo ambalo wengine hawakutaka lipimwe.

Kwanza yatupasa kujua jinsi injini ya motokaa inavyofanya kazi. Ndani ya injini mna mitungi ya chuma iitwayo silinda, na ndani ya kila silinda mna pistoni, nayo hupanda na kushuka kama mchi katika kinu. Mvuke wa petroli huingia pamoja na hewa. Pistoni hupanda ikaushindilia. Kisha cheche ya plagi huuwasha, nao huwaka na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu. Nguvu hiyo ndiyo izungushayo magurudumu. Kadiri mvuke ushindiliwavyo zaidi, ndivyo nguvu ipatikanayo kwa petroli ile ile izidivyo. Lakini petroli ya siku zile ilikuwa na kasoro. Iliposhindiliwa sana, sehemu yake iliwaka yenyewe pasipo kungoja moto wa cheche uifikie, na injini ikagonga kama nyundo juu ya fuawe. Injini igongayo hupoteza nguvu zake, na mwisho huharibika.

Kwa hiyo mafundi wa kampuni ya General Motors ya Marekani walitafuta dawa ya kuponya kugonga huko. Mkubwa wao alikuwa Charles Kettering, na mmoja wao aliitwa Thomas Midgley. Bwana Midgley alijaribu vitu vingi sana, kimoja baada ya kingine. Hata tarehe 9 Desemba 1921, katika mji wa Dayton, wakatia katika petroli maji maji yaitwayo tetraethili ya risasi, na injini ikanyamaza. Ilitosha kutia kidogo tu, kiasi kisichojaza kijiko cha chai katika galoni nzima.

Yafaa tusimame hapa kidogo, maana hapa ndipo njia zilipoachana. Risasi haikuwa dawa ya pekee. Mafundi wale wale walijua kwamba spiriti, ipatikanayo kwa kuchachusha mahindi, miwa au viazi, huzuia kugonga vile vile, wala haina risasi ndani yake. Lakini spiriti ilitakiwa nyingi, na kila mwenye shamba na mapipa aliweza kuitengeneza. Hapakuwa na kampuni iliyoweza kupata haki ya kuiuza peke yake. Risasi ilikuwa mbali. Kwa kuwa kuitia katika petroli kulikuwa uvumbuzi mpya, sheria iliwapa wavumbuzi haki ya kuiuza wao tu kwa muda wa miaka kadhaa, na kila galoni iliyouzwa iliweza kuwaletea senti zao. Sisemi kwamba hiyo ilikuwa sababu ya pekee. Lakini mtu asiyeiona sababu hiyo hataelewa mambo yaliyofuata.

Petroli ya kwanza yenye risasi iliuzwa Dayton mwezi wa Februari 1923. Mwaka uliofuata General Motors pamoja na kampuni ya mafuta ya Standard Oil ya New Jersey ziliunda kampuni mpya kwa ajili ya biashara ya dawa hiyo. Wakaiita Ethyl. Liangalieni jina hili. Neno risasi halimo, wala katika matangazo yao ya biashara hawakulitaja.

Mwezi wa Oktoba 1924, katika kiwanda cha Bayway huko New Jersey, mahali ilipokuwa ikitengenezwa dawa ile, wafanya kazi walianza kurukwa na akili. Waliona vitu visivyokuwapo, wakapiga kelele, na wengine ikabidi wafungwe wasijidhuru. Kwa muda wa siku chache watu 5 walikufa, na zaidi ya 30 wakalazwa hospitalini. Magazeti yakaiita gesi ya wazimu, na mji wa New York ukakataza petroli hiyo isiuzwe. Mwisho wa mwezi ule Bwana Midgley aliwaita waandishi wa magazeti, akanawa mikono yake kwa dawa ile mbele ya macho yao na kuunusa mvuke wake, apate kuwaonyesha kwamba haina hatari. Lakini mwaka uliotangulia yeye mwenyewe alikuwa ameugua kwa sumu ya risasi, hata ikambidi aache kazi kwa muda na kwenda kupumzika mahali penye hewa nzuri.

Tarehe 20 Mei 1925 mganga mkuu wa serikali ya Marekani aliita mkutano Washington. Wenye kampuni walisema kwamba maendeleo ya nchi yategemea motokaa, na motokaa zategemea petroli isiyogonga. Na mmoja wa wakuu wao akasema kwamba dawa hiyo yaonekana kuwa kama zawadi ya Mungu. Ninyi mmefundishwa kwamba jina la Bwana Mungu wetu lisitajwe bure; sijui kama liliwahi kutajwa bure kuliko siku ile.

Katika mkutano huo walikuwapo watu wawili waliopinga kwa nguvu. Mmoja alikuwa Daktari Alice Hamilton, mwanamke wa kwanza kupewa kazi ya ualimu katika Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiingia viwandani na kuchunguza sumu ziwadhuruzo wafanya kazi. Wa pili alikuwa Yandell Henderson wa Chuo Kikuu cha Yale. Wafanya kazi wa kiwandani waweza kulindwa kwa mitambo mizuri na sheria kali, lakini ni nani atakayemlinda mtu apitaye njiani? Maana risasi haiteketei ndani ya injini. Petroli huwaka, lakini risasi hutoka katika bomba la moshi ikiwa vumbi jembamba lisiloonekana, kila motokaa kidogo kidogo, kila siku. Henderson alionya kwamba madhara yatakuja polepole sana, hata petroli hiyo itakuwa imekwisha enea kila mahali kabla watu hawajazinduka.

Kamati ikateuliwa, ikafanya uchunguzi wake kwa miezi michache, ikawapima madereva na mafundi wa motokaa. Mwanzo wa mwaka wa 1926 ikatoa jibu: Kwa sasa hakuna sababu ya kutosha ya kuikataza petroli hiyo, lakini uchunguzi uendelee, kwa kuwa motokaa zitaongezeka. Nusu ya kwanza ya jibu hili ilitimizwa mara moja, na petroli ikauzwa tena. Nusu ya pili, ile ya kuendelea kuchunguza, iliangukia mikononi mwa kampuni zenyewe.

Mwenye kusimamia uchunguzi huo alikuwa Daktari Robert Kehoe wa Cincinnati. Alikuwa mtu mwenye elimu na bidii, lakini fedha za maabara yake zilitoka kwa kampuni zile zile zilizouza risasi. Alifundisha kwamba risasi kidogo mwilini ni jambo la asili, mwili huingiza na kutoa, na chini ya kiasi fulani haina neno. Alikwenda hata kwa wakulima wa Mexico waliokaa mbali na motokaa, akawapima, akakuta risasi mwilini mwao pia. Kwake hiyo ilikuwa hoja kwamba kila mwanadamu anayo. Lakini wakulima wale walikuwa wakila katika vyombo vya udongo vilivyong'arishwa kwa risasi! Kosa hili tutaliona tena mbele, maana lilitokea mara nyingi: ukitaka kujua kama nguo imechafuka, usiilinganishe na nguo nyingine iliyochafuka vile vile.

Tena Kehoe alikuwa na kanuni moja, nayo ndiyo iliyotawala kwa miaka 40. Asemaye kwamba risasi hii yadhuru, na aonyeshe madhara yake kwa ushahidi. Asipoweza, biashara iendelee. Maneno hayo yaonekana kuwa ya haki. Lakini fikirini. Mtu ataka kutia kitu kigeni katika kisima cha kijiji. Wazee watamwambia, Tuonyeshe wewe kwanza kwamba hakitatudhuru. Kanuni ya Kehoe iliyageuza maneno hayo: kitu kitiwe kisimani kwanza, na wanywaji ndio watakaotafuta ushahidi, na wenye kutia ndio wenye mizani. Basi kwa muda huo motokaa ziliongezeka, zikavuka bahari, zikafika na kwetu. Katika Marekani, Ulaya na Afrika ilikuwa vigumu kununua petroli isiyo na risasi ndani yake.

Ushahidi ulitoka kwa mtu aliyekuwa akitafuta jambo lingine kabisa. Clair Patterson, aliyezaliwa katika jimbo la Iowa mwaka wa 1922, alitaka kujua umri wa dunia. Katika miamba mna madini ya urani ambayo kwa muda mrefu sana hugeuka kuwa risasi. Mtu akiipima risasi hiyo barabara aweza kuhesabu miaka. Lakini kila Patterson alipopima, risasi ilikuwa nyingi kupita kiasi. Ilitoka wapi? Akaona kwamba imo katika vumbi la chumba, katika maji ya bomba, katika vyombo vya kioo, katika nguo zake na nywele za kichwa chake. Akasugua sakafu na meza, akaosha vyombo kwa asidi, akachuja hewa iliyoingia chumbani, akawavika wasaidizi wake mavazi yao ya kazi. Kazi hiyo ilimchukua miaka. Hata mwaka wa 1953 akaipata hesabu yake kwa kupima vipande vya kimondo kilichoanguka Arizona: umri wa dunia ni kama miaka 4,550,000,000. Hesabu hiyo yakubaliwa mpaka leo.

Mtu mwingine angalitosheka. Patterson hakutosheka, kwa sababu uchafu ule ulimsumbua moyoni. Akachota maji ya bahari, ya juu na ya kilindini, akayapima. Kama risasi ingalikuwa ni ya asili tu, iliyoletwa na mito tangu milele, haifai kuwa nyingi zaidi juu. Akakuta maji ya juu yana risasi nyingi kuliko ya chini. Maana yake ni kwamba ilikuwa ikianguka kutoka hewani, na tena ilianza kuanguka juzi juzi, haijapata nafasi ya kushuka. Kisha yeye na wenzake wakaenda Greenland, nchi ya barafu karibu na ncha ya kaskazini. Theluji ianguka kila mwaka, hufunika ya mwaka uliopita, nayo hugandamana kuwa barafu, tabaka juu ya tabaka kama kurasa za kitabu. Wakachimba, wakachukua barafu ya zamani na theluji ya karibu, wakapima. Mwaka wa 1969 wakatangaza waliyoyaona: katika theluji ya miaka ya 1960 mlikuwa na risasi zaidi ya mara 200 kuliko katika barafu ya miaka 800 kabla ya Kristo, nayo ilizidi kwa kasi sana baada ya mwaka wa 1940. Na huko hakuna barabara wala motokaa. Vumbi lilikuwa limechukuliwa na upepo.

Mwaka wa 1965 Patterson alikuwa amekwisha andika kwamba risasi iliyomo mwilini mwa watu wa Marekani si ya asili hata kidogo, bali ni nyingi mara nyingi kuliko ile waliyokuwa nayo watu wa kale. Kehoe na wenzake walikuwa wamechukua kiasi cha kawaida kuwa kiasi cha asili, na hayo ni mambo mawili tofauti. Malipo ya Patterson yalikuja upesi. Chama cha wenye mafuta, ambacho kilikuwa kikimsaidia kwa fedha za uchunguzi, kilimkatia fedha hizo. Na mwaka wa 1971 ilipoundwa kamati kubwa ya wataalamu wa kuchunguza risasi katika hewa, mtu huyu aliyeijua kuliko wote hakuitwa. Lakini watu wa kampuni walikuwamo.

Huko nyuma, mwaka wa 1966, Patterson na Kehoe walikuwa wamesimama wote wawili mbele ya baraza la Senati, kila mmoja kwa siku yake. Tangu hapo kanuni ya kale ilianza kutetereka. Mwaka wa 1970 serikali ya Marekani iliunda idara ya kulinda mazingira, na mwaka wa 1973 idara hiyo ikatoa amri ya kupunguza risasi hatua kwa hatua. Kampuni zikaipeleka mahakamani, zikashindwa.

Hapo tena alitokea Daktari Herbert Needleman, tabibu wa watoto. Yeye aliuliza swali ambalo latuhusu sana sisi tulio shuleni. Watoto walioanguka na kuzimia kwa sumu ya risasi wajulikana. Je, wale waonekanao wazima? Hakutaka kuchoma vijana kwa sindano, wala damu haisemi ila habari za majuma machache yaliyopita. Akaomba meno. Watoto wa darasa la kwanza na la pili katika miji miwili karibu na Boston, wakingoka meno ya utoto, waliyapeleka kwa mwalimu badala ya kuyatupa, na Needleman akapata meno ya watoto zaidi ya 2,000. Akapima risasi iliyohifadhiwa ndani yake. Waalimu nao, pasipo kuambiwa meno yalionyesha nini, waliulizwa tabia za kila mtoto darasani. Mwaka wa 1979 majibu yakatangazwa. Wenye risasi nyingi menoni walikuwa wazito zaidi katika mitihani ya akili, na kadiri risasi ilivyozidi ndivyo waalimu walivyozidi kusema: huyu hatulii, huyu hasikii maagizo, huyu haimalizi kazi yake. Ni watoto wangapi ulimwenguni walioitwa wavivu, na kupigwa kwa ajili yake, kumbe ni moshi wa barabarani?

Needleman naye alishitakiwa baadaye kwamba amedanganya katika hesabu zake. Akachunguzwa, akaonekana hana udanganyifu.

Sasa tazameni lililotokea risasi ilipopunguzwa. Kati ya mwaka wa 1976 na 1980, mtoto mdogo wa Marekani alikuwa na maikrogramu 15 za risasi katika kila desilita ya damu, kwa wastani. Kati ya mwaka wa 1988 na 1991 wastani huo ulikuwa umeshuka hata 3.6. Tangu tarehe 1 Januari 1996 ikawa ni marufuku kabisa kuuza petroli hiyo kwa ajili ya motokaa katika Marekani.

Lakini biashara ikifungiwa mlango nyumbani, hutafuta mlango wa jirani. Nchi nyingi za Afrika na Asia ziliendelea kununua petroli yenye risasi miaka mingi baada ya nchi tajiri kuikataa. Zilizotaka kuiacha ziliambiwa kwamba motokaa kuukuu zitaharibika. Mwaka wa 2010 kampuni ya Innospec, iliyokuwa ikitengeneza dawa hiyo, ilikiri mahakamani kwamba watu wake waliwahonga maofisa wa Indonesia na wa Iraki. Huko Indonesia rushwa hiyo ilitolewa ili risasi isiondolewe katika petroli.

Habari za kwetu ni njema kuliko hizo. Mwezi wa Juni 2001 nchi 25 za Afrika zilikutana Dakar, zikapatana kuiacha petroli yenye risasi. Mwaka wa 2002, kwenye mkutano mkuu wa Johannesburg, serikali nyingi, vyama na hata kampuni kadhaa za mafuta na motokaa ziliungana kwa kazi hiyo, na waliowekwa kuisimamia ni Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake makuu Nairobi. Wakati ule nchi 117 zilikuwa zingali zikitumia petroli hiyo. Hata Januari 2006 nchi zote za Afrika kusini ya Sahara, na zetu za Mashariki zikiwamo, zilikuwa zimekwisha iacha. Na zile motokaa kuukuu zikaendelea kwenda. Nchi ya mwisho ulimwenguni ilikuwa Algeria, nayo iliacha mwezi wa Julai 2021. Shirika hilo lakadiria kwamba kwa kuiacha, vifo zaidi ya 1,200,000 vyaepukwa kila mwaka. Zimebaki ndege ndogo zenye injini za pistoni, ambazo mpaka sasa nyingi zatumia mafuta yenye risasi.

Msidhani kwamba risasi yenyewe imekwisha. Haiozi kama jani, wala haiteketei kama karatasi. Uingereza iliacha petroli hiyo mwisho wa mwaka wa 1999, na zaidi ya miaka 20 baadaye, mwaka wa 2021, wataalamu waliopima vumbi la hewa ya London walitangaza kwamba waliikuta ingali ikirushwa na upepo na magurudumu, ikianguka, ikirushwa tena.

Wala risasi ya motokaa si ile ya petroli peke yake. Katika kila betri ya motokaa mna mabamba ya risasi, na betri ikifa, risasi hiyo ina bei. Karibu na Mombasa pana kijiji kiitwacho Owino Uhuru. Mwaka wa 2007 kilijengwa hapo kiwanda cha kuvunja betri zilizokwisha na kuyeyusha risasi yake. Moshi ulipita juu ya mabati ya nyumba, na maji ya kiwanda yalitiririka kati ya nyumba za watu. Mama mmoja, Phyllis Omido, aliajiriwa katika kiwanda hicho. Mwanawe mchanga aliugua, na matabibu hawakujua ni ugonjwa gani mpaka walipoipima damu yake: ilikuwa risasi, nayo ilikuwa imempata kwa maziwa ya mamaye. Akaacha kazi, akawaomba majirani wakawapime watoto wao pia. Hakuwa na maabara wala mshahara. Aliandika barua, akaandamana, akakamatwa mwaka wa 2012, akaachiliwa. Kiwanda kilifungwa mwaka wa 2014. Mwezi wa Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru watu wa kijiji walipwe shilingi za Kenya 1,300,000,000. Hukumu hiyo ilitenguliwa katika rufani, kisha mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha malipo hayo. Watoto waliokuwa wakinyonya kiwanda kilipofunguliwa walikuwa wamekwisha kuwa vijana wenye umri wa kumaliza shule.

MASWALI

1. Kwa nini injini za zamani ziligonga? Eleza kwa kuchora silinda na pistoni.

2. Spiriti nayo ilizuia kugonga. Kwa nini kampuni ilipenda kuuza risasi?

3. Kehoe aliwapima wakulima wa Mexico. Kosa lake lilikuwa nini? Patterson aliliepukaje kosa kama hilo katika chumba chake cha kazi?

4. Maji ya bahari yalionyesha nini, na barafu ya Greenland ilionyesha nini? Kwa nini Patterson alihitaji yote mawili?

5. Mtu ataka kujenga kiwanda karibu na shule yenu. Andika maswali matano ambayo wazee na waalimu wangemwuliza kabla ya kumpa ruhusa, na useme ni nani angelipa gharama ya kutafuta majibu.

6. Uliza katika gereji au duka lililo karibu nawe betri zilizokwisha hupelekwa wapi. Andika uliyoambiwa.